Uchumi ulishuka asilimia 0.3 tu, sasa shida yetu ilitoka wapi?

SWALI: Salamu kwako mtaalamu. Naishi Ukunda. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Diani kwa miaka tisa. Machi 2020 tukaitwa ukumbini, tukaambiwa twende likizo bila malipo mpaka wageni warudi. Nilikuwa na miaka 41. Mume wangu alikuwa akiendesha tuktuk ya tajiri, nayo ikalala. Tulikaa Ukunda miezi mitatu bila kulipa kodi ya nyumba, nikijaribu kuuza mahamri asubuhi, kisha tukaona bora turudi kwa mama mkwe Kinango, tukala mihogo na kunde. Sasa binti yangu yuko kidato cha nne, amenisomea kwamba mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulishuka kwa asilimia 0.3, na mwaka uliofuata ukapanda kwa zaidi ya asilimia 7. Mimi 2021 sikuitwa. Nimerudi hotelini 2022, tena kibarua wa kulipwa kwa siku, mpaka leo. Hizo takwimu ni za uongo? Na sisi tulihesabiwa wapi?

JIBU: Dada yangu, takwimu hizo si za uongo, wala njaa yenu haikuwa ya kubuni. Pato la taifa hupima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini kwa mwaka mzima. Halisemi aliyelipwa ni nani, wala aliyekaa bila kulipwa ni nani. Mwaka wa kawaida mambo hayo mawili huongozana kiasi kwamba hakuna anayejali tofauti yake. Mwaka 2020 yaliachana njia, na Pwani ndiko mwanya ulikoonekana waziwazi.

Tuanze na hiyo 0.3. Mwaka 2019 uchumi ulikuwa umekua kwa karibu asilimia 5, na watu huongezeka kwa takriban asilimia 2 kila mwaka. Sensa ya 2019 ilitukuta tuko milioni 47.6. Chungu kikibaki kilekile na walaji wakaongezeka, kila sahani inapungua. Kwa hiyo pato kwa kila mtu lilishuka kwa zaidi ya asilimia 2. Na ukilinganisha na pale ambapo tungefika kama korona isingekuja, pengo ni zaidi ya asilimia 5. Huo tayari ni mwaka mbaya. Lakini bado haujaeleza kwa nini nyinyi mlirudi Kinango, na hapo lazima tuifungue hiyo namba tuone ndani mna nini.

Ndani yake mna Kenya mbili. Kulingana na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), sekta ya hoteli na migahawa ilianguka kwa asilimia 47.7 mwaka huo. Wageni kutoka nje walikuwa zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Mwaka 2020 hawakufika 600,000, na wengi wa hao waliingia kabla ya ndege za kimataifa kusimamishwa tarehe 25 Machi. Elimu ilishuka kwa asilimia 10.8, maana shule zilifungwa katikati ya Machi na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi Januari 2021. Upande wa pili, kilimo kilikua kwa asilimia 4.8. Mvua zilikuwa nzuri, na chai ilifika karibu kilo milioni 570 kutoka takriban milioni 459 mwaka uliotangulia. Ujenzi ulikua kwa asilimia 11.8, sehemu kubwa ikiwa ni barabara za serikali.

Sasa piga hesabu. Hoteli na migahawa yote nchini ni karibu asilimia 1 tu ya pato la taifa. Ikianguka nusu, taifa linapoteza nusu ya asilimia moja. Kilimo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya pato lote, kwa hiyo kikikua kwa asilimia 4.8 kinaongeza kama asilimia moja nzima. Yaani mvua iliyonyesha Kericho na Nandi ilitosha, katika daftari la taifa, kufuta anguko la hoteli zote kuanzia Diani hadi Watamu na kubakisha chenji. Mahesabu yamesawazika, na hakuna aliyedanganya. Ila majani ya chai yaliyoongezeka Kericho hayakumpelekea mhudumu wa vyumba wa Diani hata shilingi moja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui kuhusu hesabu hizi. Ile miezi mitatu mliyokaa Ukunda bila kulipa kodi ilihesabiwa. Katika hesabu za taifa, nyumba inayokaliwa inatoa huduma ya makazi, na thamani ya huduma hiyo huandikwa hata kama mwenye nyumba hajaona pesa. Hata anayeishi kwake mwenyewe huandikiwa kodi ya kukadiria, kana kwamba anajilipa. Kwa hiyo sekta ya nyumba iliendelea kukua mwaka ule ule ambao, katika utafiti wa kwanza wa KNBS kuhusu korona, Mei 2020, kaya 3 katika kila 10 zilisema zimeshindwa kulipa kodi kwa tarehe waliyokubaliana na mwenye nyumba. Deni lenu liliingia upande wa mazao ya taifa. Mimi mwenyewe huwafundisha vijana kanuni hii na naona ina mantiki yake, lakini sijawahi kuifundisha bila mtu darasani kucheka.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi: mlihesabiwa wapi?

KNBS ilikuwa ikifanya utafiti wa ajira kila robo mwaka. Kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 5.2 katika robo ya kwanza ya 2020, kikaruka hadi 10.4 katika robo ya pili, kikashuka hadi 7.2 katika robo ya tatu na 5.4 kufikia mwisho wa mwaka. Ukizitazama namba hizo peke yake, utadhani kufikia Desemba kila mtu alikuwa amerudi alikotoka. Kumbe ili uandikwe kwamba huna ajira, lazima utimize masharti matatu kwa pamoja: hukufanya kazi yoyote ya kipato, uko tayari kufanya, na umeitafuta katika wiki nne zilizopita. Kufanya kazi maana yake ni hata saa moja katika siku saba.

Wiki ulizouza mahamri pale Ukunda, ulikuwa umeajiriwa. Hata kama faida ya asubuhi nzima haikununua kibaba cha unga. Kama ungeacha mahamri ukakaa nyumbani bila kwenda mlango kwa mlango kuomba kazi, ungeandikwa kuwa nje ya nguvukazi, pamoja na wanafunzi na wazee. Na nani angeenda kuomba kazi katika hoteli iliyofunga geti, wakati tangu mapema Aprili hakuna ruhusa ya kuingia wala kutoka Kwale, kaunti yenu, na kafyu inaanza saa moja jioni? Kutafuta kazi kulikuwa kama kumetolewa nje ya sheria. Hivyo basi, ile 10.4 iliyotushtua wengine iliwaacha nje wengi waliokuwa katika hali yako.

Wewe una hali ya tatu pia. Ulikuwa kwenye likizo bila malipo. Mtu mwenye kazi ambaye hayupo kazini kwa muda anaweza kubaki kwenye hesabu ya walioajiriwa, kwa sababu kwenye karatasi, ajira yake ipo. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika, nami nitalirudia chini, kwa kuwa maneno hayo matatu, likizo bila malipo, yalikuficha mbele ya mtakwimu na yakakuficha mbele ya sheria pia.

Kuna hesabu nyingine iliyokuja karibu zaidi na ukweli. Ripoti ya uchumi ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba nafasi za kazi nchini zilipungua kwa 737,500 mwaka 2020, kutoka milioni 18.1 hadi milioni 17.4. Katika hizo zilizopotea, 185,800 zilikuwa za mshahara katika sekta rasmi. Lakini hesabu hiyo haihusishi kilimo kidogo na ufugaji wa kuhamahama. Mume wako alipoiacha tuktuk alitoka katika hesabu. Aliposhika jembe Kinango hakuingia popote. Ndiyo maana nasema kijiji ndicho kilichokuwa bima ya wasio na kazi katika nchi isiyo na bima ya namna hiyo, na gharama yake aliilipa mama mkwe wako kutoka ghalani mwake. Hakuna wizara iliyomrudishia.

Unaweza kuuliza: kwani serikali haikutoa msaada? Ilitoa, na hapa nina ukali kidogo. Msaada mkubwa zaidi ulipitia hati ya mshahara. Sheria ya kurekebisha kodi iliyopitishwa Aprili 2020 iliondoa kodi ya mapato kwa anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na ikateremsha kiwango cha juu kutoka asilimia 30 hadi 25. Ukifuata viwango vya zamani na vipya, mtu wa 24,000 aliokoa kama shilingi 1,580 kwa mwezi. Mtu wa 500,000 aliokoa kama shilingi 26,000. Wewe ambaye mshahara ulikuwa sufuri uliokoa sufuri, maana huwezi kusamehewa kodi ya pesa ambazo hukupewa. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nayo ilishushwa kutoka 16 hadi 14, lakini unga wa mahindi, mboga na mihogo havitozwi VAT. Aliyefaidi ni aliyekuwa ananunua televisheni. Nafuu yenyewe haikudumu. Mwanzoni mwa 2021 viwango vya 16 na 30 vilirejeshwa.

Benki Kuu iliziruhusu benki kupanga upya mikopo, na zikafanya hivyo kwa zaidi ya nusu ya mikopo yote, mpaka kufikia kama shilingi trilioni 1.7. Hatua nzuri kwa mwenye mkopo wa benki. Deni lako wewe, nadhani, lilikuwa dukani, kwenye chama na kwenye simu. Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua vya mitaani, ililipa shilingi 455 kwa siku, siku 11 kwa mwezi, jumla shilingi 5,005, na ililenga vijana wa miaka 18 hadi 35 wa mitaa ya mabanda. Miaka yako 41 ilikufungia mlango, kama ilivyowafungia wanawake wengi wa hoteli ambao ndio waliokuwa wakilisha familia. Pesa zilizotumwa moja kwa moja kwa kaya maskini zilikuwapo, lakini ziliwafikia wachache mno na bila utaratibu ambao jirani angeweza kuuelewa.

Hatua moja naipa heshima yake: kutuma shilingi 1,000 kushuka chini kwa M-Pesa kulifanywa bure kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka. Haikuhitaji hati ya mshahara wala umri. Kama kuna ndugu aliyewatumia mia tatu za unga mara mbili kwa wiki, hatua hiyo iliwagusa. Na ndugu wa nje walituma. Fedha za Wakenya walioko ughaibuni zilipanda mwaka huo wa korona, kutoka dola bilioni 2.8 hadi karibu bilioni 3.1, wakati wataalamu wengi, nami nikiwamo, tulitarajia zianguke. Ila fedha hizo huenda kwa mwenye mtu nje. Ukoo usio na mtu Marekani wala Ghuba haukuona tofauti.

Usidhani hoteli peke yake ndiyo iliyopata pigo la namna hii. Walimu wa shule za binafsi, na wale walioajiriwa na bodi za shule (BOM) katika shule za umma, walikaa miezi mingi bila kitu, huku wenzao walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) wakilipwa kila mwezi kwa kazi ileile iliyosimama. Siwaonei wivu hao wa TSC, walistahili. Nataja tu kwamba mpaka uliogawa waliokula na waliolala njaa haukuwa elimu wala bidii. Ulikuwa mkataba.

Na sasa huo ukuaji wa zaidi ya asilimia 7 wa mwaka 2021. Binti yako yuko sahihi. Hata hoteli na migahawa ilikua, tena kwa asilimia 52.5. Mwambie achukue kalamu. Aanze na 100 mwaka 2019. Aondoe 47.7, anabaki na 52.3. Aongeze asilimia 52.5 ya hiyo 52.3, anafika karibu 80. Umeanguka chini ya 48, umepanda zaidi ya 52, na bado uko chini ya ulipoanza kwa sehemu moja ya tano. Asilimia huhesabiwa kutoka pale ulipoangukia, ndiyo maana namba ya kupanda huonekana kubwa. Akiulizwa swali hili kwenye mtihani, ana jibu.

Lakini hata hiyo 80 haikurudi kwa sura ileile. Wageni wa kwanza kurudi walikuwa Wakenya wenyewe, waliokuja kwa wikendi na sikukuu, wakilipa bei ya chini. Ndege za kukodi (charter) kutoka Ulaya zilizokuwa zikijaza vitanda miezi mfululizo zilichelewa. Mwenye hoteli anayejua Jumamosi atajaza na Jumanne hatakuwa na mtu anataka mfanyakazi wa Jumamosi. Kwa hiyo mauzo yalirudi, ajira ya kudumu ikabaki nyuma, na katikati yake akazaliwa kibarua wa siku. Hapo ndipo ulipo wewe.

Nirudi kwenye likizo bila malipo, kama nilivyoahidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inaeleza namna ya kumpunguza mtu kazini kwa sababu ambazo si kosa lake. Afisa wa kazi apewe taarifa ya mwezi mmoja, pamoja na chama cha wafanyakazi ukiwa mwanachama, au wewe binafsi kwa maandishi usipokuwa. Siku za likizo zilizobaki zilipwe. Kisha mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka tisa yako, hizo ni siku 135, yaani mshahara wa miezi minne na nusu. Hebu fikiria miezi minne na nusu ya mshahara mkononi Aprili 2020. Likizo bila malipo haimo katika sheria hiyo kama haki ya mwajiri kujichukulia. Inahitaji makubaliano, na kubadili masharti ya mkataba kunahitaji mashauriano nawe. Hoteli nyingi ziliichagua kwa sababu kweli hazikuwa na pesa, na kwa wafanyakazi wengi ilionekana afadhali kuliko barua ya kuachishwa. Naelewa. Bali iliyodumu mwaka na zaidi, kisha mtu akaitwa tena kama kibarua mgeni, ilikuwa ni kupunguzwa kazini bila malipo yake. Madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu mahakamani, kwa hiyo upo uwezekano mkubwa kwamba mlango wa hiyo miaka tisa umeshafungwa. Kama bado wewe ni mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, waulize, kwani tarehe ya kuanza kuhesabu inategemea uliambiwa nini, lini, na kwa maandishi gani.

Kilicho wazi mbele yako ni hicho kibarua. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba kibarua akifanya siku mfululizo ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Haki yake ya notisi hufuata, na akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu alipoanza kama kibarua, hupata masharti ya mtu ambaye hakuwahi kuwa kibarua. Kutandika vitanda katika hoteli iliyo wazi mwaka mzima ni vigumu mtu kukuambia ni kazi ya kuisha kesho. Waajiri wanakijua kifungu hiki, ndiyo maana wengine humpumzisha kibarua siku chache kila mwisho wa mwezi. Wewe nunua daftari. Andika kila siku uliyoingia, saa ya kuingia na kutoka, na kiasi ulicholipwa. Kama unalipwa kwa M-Pesa usifute ujumbe hata mmoja. Kama ni taslimu, andika nani alikukabidhi na mbele ya nani. Ukishakuwa na miezi mitatu au minne ndani yake, litoe nakala, nenda nayo kwa afisa wa kazi wa kaunti kabla hujazungumza na meneja, na usiende peke yako. Kama mko vibarua sita wa vyumba wenye madaftari sita, nendeni sita.